Zilipendwa na nani? Chemsha bongo ya ladha za jana

Liko neno moja ambalo lilianza kama sentensi likaishia kuwa jina, wala halikuomba ruhusa ya wanasarufi. Neno lenyewe ni 'zilipendwa'. Lichambue, msomaji wangu: zi- inasimamia nyimbo, -li- inaturudisha wakati uliopita, -pend- ndio mzizi, -w- ni kauli ya kutendwa na -a ni kiishio. Hiyo ni sentensi kamili iliyojitosheleza. Ukitaka kusema 'nyimbo ambazo zilipendwa' kwa neno moja, sarufi inakudai urejeshi: zilizopendwa. Na kweli, hapa Kenya tulizoea kusikia 'zilizopendwa' redioni, ilhali jirani zetu wa Tanzania waliiacha ile -zo- njiani. Siku hizi hata huku kwetu -zo- imeanza kuchoka. Wasanii wa Wasafi, akina Diamond Platnumz, walipotoa wimbo wao wa pamoja mwaka 2017 waliuita Zilipendwa, na sikumsikia kijana hata mmoja akiuliza urejeshi umekwenda wapi. Leo mtu atakwambia 'shati lako zilipendwa' na maana inafika.

Mimi sina ugomvi na hilo. Kiswahili kina sentensi nyingine zilizogeuzwa majina bila matata: mtu asiye na akili timamu huitwa hamnazo, na siasa za kupeana vyeo ni siasa za nipe nikupe. Ugomvi wangu uko kwenye ile -w-. Kauli ya kutendwa ina adabu zake, lakini ina ujanja wake pia: humruhusu msemaji kumwacha mtenda nje ya mlango. Mzazi yeyote anaujua ujanja huo. Mtoto hasemi 'nimevunja sahani', husema 'sahani imevunjwa'. Mweka hazina wa chama naye hasemi 'nimezitumia', husema 'fedha zimetumika'. Sasa tuulize na hapa: zilipendwa, sawa, lakini zilipendwa na nani?

Nauliza kwa sababu umezuka mtindo ambao kwa maoni yangu unastahili kuhakikiwa kama utanzu wowote ule wa sanaa ya umma. Utausikia kwenye redio za asubuhi, kwenye karamu za harusi wakati watu wanangoja chakula, na kwenye mikutano ya waliosoma pamoja. Mtangazaji au mshereheshaji anaanza: 'Unakumbuka?' Kisha yanamiminika majina. Kimbo. Treetop. Blue Band ya kopo. Peremende za Patco. Goody Goody. Maziwa ya pakiti ya pembetatu. Mzee Pembe na Kipanga. Vitimbi. Vioja Mahakamani. Ukikumbuka matano, wewe ni mtu wa jana. Ukikumbuka yote, wewe ni mzee wa kuheshimiwa, upewe kiti. Watu wanacheka, wanapigana makofi, na kwa dakika kumi kila mtu ana miaka tisa.

Sitaki kujifanya mtakatifu. Mimi hupata alama za juu sana katika chemsha bongo hizo, na huzifurahia. Tena Kiswahili chenyewe kimekwisha kutuambia kwa nini kumbukumbu na chakula huandamana. Mtu wa Mombasa aliyetengana na nduguye hamwambii 'ninakukosa', maneno ambayo yana harufu ya tafsiri. Humwambia 'nimekuhamu'. Na hamu ndiyo hiyo hiyo ya kula. Mgonjwa aliyepoteza hamu ya chakula na mwana aliyejaa hamu ya mamake wanatumia neno moja. Kwa hiyo anayeikumbuka jana kwa mdomo hajakosea mlango.

Anakosea anapodhani kwamba mdomo wake ni wa wote.

Mimi nimelelewa Mkongani, Kwale, nyuma ya vilima vya Shimba ukitokea baharini. Msomaji aliyefika Diani kwa mapumziko huenda hajawahi kulisikia jina hilo. Ukipanda kutoka Ukunda au Likoni hadi Kwale mjini, ukaendelea bara, unaacha hoteli na mchanga mweupe nyuma yako, unakutana na minazi, mikorosho, michungwa, mahindi na mihogo, na ndovu ambao hawaulizi shamba ni la nani. Pale wanaishi Wadigo na Waduruma, na Wakamba waliohamia eneo hilo la Shimba. Hapo ndipo nilipoanza kula, na hapo ndipo ninapoipimia ile orodha ya 'unakumbuka'.

Tuchukue Kimbo. Kila chemsha bongo inayo. Mafuta hayo yalitengenezwa na East Africa Industries, kampuni ya ukoo wa Unilever, na mwaka 2002 chapa hiyo ikauzwa kwa Bidco. Hayo ni maswali mazuri ya kushindania, na anayeyajibu apewe soda yake. Lakini Mkongani ya utoto wangu ilikijua kopo la Kimbo kabla ya kuyajua mafuta ya Kimbo. Mama alipikia tui. Kopo tupu lilinunuliwa au liliombwa, likatobolewa tundu mbili, likatiwa waya, likawa ndoo ya mtoto. Kubwa zaidi likawa kipimo cha mahindi sokoni, kile ambacho bara wanakiita gorogoro. Ndiyo, tulikuwa na Kimbo nyumbani. Ilikuwa na maji ndani.

Hapo kuna kisa cha lugha ambacho hakuna mtangazaji aliyewahi kukiuliza. Kabla ya kopo, vipimo vyetu vilikuwa kibaba na pishi: vibaba vinne, pishi moja. Kopo la kiwandani lilipoingia sokoni halikuleta mafuta tu, lilikisukuma kibaba nje. Kibaba kikakimbilia kwenye methali na mpaka leo kimejificha humo: haba na haba hujaza kibaba. Mwaka fulani niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kibaba ni nini. Mmoja, kijana mwerevu kabisa, akafuata kanuni za ngeli kama nilivyomfundisha, akatenga ki- ya udogo, akajibu: 'Ni baba mdogo, Profesa.' Darasa lilicheka. Mimi nilimpa haki yake, maana mofolojia yake haikuwa na dosari. Alichokosa ni chombo chenyewe. Amefundishwa methali na hakuonyeshwa kilichojazwa.

Methali nyingine ni ile isemayo maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kati ya wanafunzi waliokuwa darasani siku hiyo, wengi walidhani chungu ni kile cha kupikia, wakashangaa chungu kitakuwaje na bahari. Wachache waliosema ni uchungu, ladha, nao walijitahidi sana kutafuta falsafa. Kwamba chungu ni mdudu, sisimizi, na kwamba kifuu ni gamba gumu la nazi ambalo likiachwa uani mvua huacha maji kidogo ndani yake, picha hiyo ndogo na nzuri ya mdudu aliyesimama ukingoni mwa bahari yake, hawakuiona. Vijana haohao waliweza kunitajia peremende tatu za miaka ya themanini ambazo hawakuzaliwa kuzila. Wamezisikia kwenye 'unakumbuka'.

Hili ndilo linalonikera. Chemsha bongo ya jana haikumbuki chakula, inakumbuka chapa. Inatukumbusha kilichokuwa na karatasi, rangi na tangazo. Kisichokuwa na karatasi hakina wa kukiulizia. Na tangazo lilikuwa na nguvu, tusidanganyane: ndilo lililotufanya tuende dukani kuomba 'Omo' tukiletewa sabuni ya unga ya jina lolote, na tukaridhika. Chapa iliyoweza kuwa jina la jamii nzima ya vitu haihitaji msaada wetu ili ikumbukwe. Ilijikumbusha yenyewe kwa gharama yake, kila siku kabla ya taarifa ya habari.

Sasa tazama nazi, ambayo haikuwahi kutangazwa na mtu. Tunda hili moja lina majina kadiri linavyokua: kidaka likiwa changa kabisa, halafu kitale, halafu dafu ambalo ndilo la kunywa, halafu koroma ambalo si dafu tena na bado si nazi, halafu nazi, na mwisho mbata iliyokauka ndani. Mtu wa mjini anayo mawili, dafu na nazi, na akibanwa atasema 'nazi changa' na 'nazi iliyokomaa' kama anayesoma ripoti ya kilimo. Nazi hiyo hufuliwa. Naam, hufuliwa kama nguo, kwa kifuo, ule mti wenye ncha unaosimikwa ardhini. Makumbi yakitoka, huvunjwa, hukunwa kwenye mbuzi. Hapa mwalimu wa sarufi ana furaha yake, kwa sababu mbuzi huyu hapatani na upatanisho: 'mbuzi amevunjika mguu' tuko zizini, 'mbuzi imevunjika mguu' tuko jikoni. Chicha hutiwa kwenye kifumbu likakamuliwa. Linalotoka kwanza, zito, halijaguswa na maji mengi, ni kasimile. Ukiongeza maji ukakamua tena, hilo ni tui la pili, jepesi, nalo ndilo linalotangulia chunguni ili mboga au mbaazi ziivie humo, kisha kasimile huja mwisho ili lisikatike. Kinachobaki ni machicha, ya kuku.

Hesabu vitenzi vilivyomo humo: fua, vunja, kuna, chuja, kamua, katika. Hesabu vyombo. Huo ni mtaala mzima, na haukuandikwa kwenye pakiti. 'Unakumbuka' haina vitenzi. Hilo ni jambo la mtindo ambalo mhakiki hawezi kulipita: ni utanzu wa nomino tupu. Unataja, unatambua, unacheka, unaenda kwa inayofuata. Huwezi kuikumbuka kasimile namna hiyo kwa sababu kasimile si kitu cha dukani, ni hatua katika kazi ya mtu. Na mtu huyo, mara nyingi, alikuwa mwanamke aliyeamka kabla ya jogoo. Yeye ndiye mtenda ambaye ile -w- ilimwacha nje.

Si chapa peke yake inayowasahaulisha watu. Hata majina ya kawaida ya chakula yana Nairobi na Unguja ndani yake. Muulize mtangazaji 'wali ni nini', atakuambia ni mchele uliopikwa, na kamusi za Kiswahili zitamuunga mkono. Nenda Mkongani useme kwa Kidigo unataka wari. Utaletewa ugali. Na matsere, neno ambalo sikio lolote linasikia limefanana na 'mchele', ni mahindi. Wageni hucheka, wakidhani Wadigo wamechanganya. Hawakuchanganya. Wabemba wa Zambia, mbali kabisa na bahari, wakisema ubwali wanamaanisha ugali vilevile. Maneno haya ni ndugu, na maana ya kile kinachosongwa ina kila dalili ya kuwa ya kale kuliko ile ya mchele. Kiswahili ndicho kilichohama kikaenda kwenye mpunga pamoja na watu wake. Kwa hiyo mzee wa Mkongani anayeita ugali wari hajaharibu Kiswahili; ameshika ncha ya uzi ambao sisi tumeuachilia. Anayetaka kuufuata uzi huo atafute Mgombato, kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili iliyotoka mwaka 2004. Nami nawashauri wanafunzi wa Kiswahili wasiione kuwa ni kitabu cha wengine. Wakiangalia jinsi ts ya Kidigo inavyojibizana na ch yetu, mtsanga na mchanga, mtsunga na mchunga, watajifunza zaidi kuliko katika mihadhara yangu miwili.

Huo mchunga nimeutaja kwa makusudi. Ni mboga ya majani, chungu kwelikweli (safari hii ni ladha, si mdudu), inajiotea shambani bila kupandwa. Watu wa Kwale na Kilifi wanaipenda kwa uchungu wake. Haijawahi kuingia katika orodha yoyote ya 'ladha za jana' niliyoisikia, na haitaingia, maana orodha zile zinaamini kwamba utoto ulikuwa mtamu. Vivyo hivyo mabungo, kunazi, zambarau na ukwaju, tulivyovila tukichunga mbuzi (wale wa zizini). Peremende ya duka ilikuwa siku ya Idi. Bungo lilikuwa kila siku ya msimu, bure, na lilikutoa machozi kwa ukali.

Na zilipendwa za muziki je? Hapa nitapita upesi, kwa sababu wengine wameandika vizuri kuniliko. Fundi Konde, Fadhili William, Daudi Kabaka: hao wanastahili kila dakika wanayopewa redioni. Mbaraka Mwinshehe, mwana wa Morogoro, alifia katika ajali ya barabarani hapa Mombasa mnamo Januari 1979, na watu wa pwani wa rika langu bado wanaweza kukuambia walikuwa wapi habari ilipowafikia. Lakini zilipendwa, kwa kawaida ya redio, maana yake ni gitaa. Sengenya, ngoma ya Wadigo yenye zumari yake (msomaji asiichanganye na kule kusengenyana), ilipendwa Mkongani kuliko bendi yoyote, na haihesabiwi. Kilichohesabiwa kutoka pwani yetu na kuzunguka dunia ni Jambo Bwana, wimbo wa Them Mushrooms wa mwaka 1982, waliowatungia wageni wa hoteli salamu nyepesi ya kwenda nayo nyumbani. Siwalaumu, kazi ni kazi, na wimbo wenyewe unashika. Nasema tu kwamba 'hakuna matata' haikuwa kauli ya kwetu. Mkongani ukimkanyaga mtu atakuambia 'si kitu', au 'haidhuru', na kama amekasirika hatakuambia lolote.

Lipo jambo jingine ambalo nomino za kufurahisha huliziba, nalo ni njaa. Wazee wa Kimijikenda walikuwa na desturi ya kuzipa njaa majina, na ile ya mwishoni mwa karne ya 19 waliiita Magunia, kwa sababu ya magunia ya nafaka yaliyoletwa kutoka nje kuwaokoa watu. Zingatia: hata wao walikumbuka kifungashio. Lakini wao walipotaja gunia walikuwa wakitaja mwaka ambao shamba halikutoa kitu, na mtoto aliyesikia jina alisimuliwa na kisa chake. Rika letu sisi tunayo mahindi ya njano ya Marekani ya mwaka 1984, mwaka wa ukame mkubwa. Yataje katika kikao chochote cha watu waliopita miaka hamsini uone nyuso. Kila mtu anaikumbuka ile rangi. Kila mtu ana la kusema juu ya ladha. Lakini sijasikia chemsha bongo inayoyauliza, kwa kuwa jibu lake halichekeshi na hakuna kampuni ya kudhamini.

Maziwa ya Nyayo yanaulizwa sana, na yana haki. Ulikuwa mradi wa mwaka 1979, Rais Moi akiwa mpya madarakani, watoto wa shule za msingi wapewe maziwa bure. Mimi nilikuwa nimekwisha kuivuka shule ya msingi, wadogo zangu ndio waliokunywa. Aliyesoma karibu na lami anayakumbuka kama sehemu ya ratiba, na aliyesoma mwisho wa barabara ya udongo anayakumbuka kama tukio. Wote wawili wataitikia 'ndiyo!' kwa sauti moja mtangazaji akiuliza, na tofauti yao itapotea ndani ya kelele hizo za furaha. Ndivyo neno 'sisi' linavyofanya kazi katika utanzu huu: 'sisi tuliokunywa', 'sisi tuliokula'. Sisi gani?

Na sukari. Nani ananiuliza juu ya Ramisi? Pale kusini, ng'ambo ya Msambweni, palikuwa na kiwanda cha sukari tangu enzi za ukoloni, na mashamba ya miwa pande zote. Mwaka 1988 kiwanda kilifungwa. Kwa wengi nchini ni habari ndogo ya biashara. Kwa Kwale ilikuwa ni mshahara wa watu, ni vijiji vya wafanyakazi, ni mechi za Jumapili, ni harufu. Ukimwambia mtu wa rika langu kutoka Msambweni neno 'Ramisi' humpi swali la chemsha bongo. Umemtajia jamaa aliyefariki. Sukari haikuwa na kikaragosi kwenye pakiti yake, basi imetoka katika kumbukumbu ya taifa kama ilivyotoka dukani.

Mwenzangu mmoja chuoni, mtu wa fasihi ya kisasa, aliniambia nikilalamika hivi wakati wa chai: 'Lakini Prof, si watu wanajifurahisha tu! Wacha wacheke, maisha ni magumu.' Namuelewa. Wala sikubaliani na wale wanaosema kila hamu ya jana ni ugonjwa. Ila jibu langu kwake lilikuwa ni kumwuliza kama anakikumbuka kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? cha Leonard Mambo Mbotela. Anakikumbuka, nani asiyekikumbuka! Kilianza mwaka 1966, redio yetu ikiitwa Sauti ya Kenya, kikaendelea hata baada ya jina la KBC kurudi mwaka 1989. Mbotela, mzaliwa wa Freretown, alituaga mwezi wa Februari 2025, na jina la kipindi chake linatajwa katika kila orodha ya 'unakumbuka'.

Litazame jina hilo kwa jicho la sarufi. Ni swali, tena swali lenye hukumu ndani yake: je, huu ni ungwana? Mbotela alikuletea kisa, mtu anayekula huku akizungumza, mgeni anayefika wakati wa chakula kila siku, jirani anayeazima asirudishe, kisha akakuachia wewe msikilizaji uamue. Ulibishana na baba yako. Ulibishana na nafsi yako, hasa kama siku hiyo ulikuwa wewe mwenye kosa. Kile kilikuwa kipindi cha burudani, na kilidai akili. Chemsha bongo inayokitaja leo inadai utambuzi tu: unakijua, hukijui? Yaani burudani ya jana ilikuwa ya hali ya juu kuliko burudani tunayoifanya kwa kuikumbuka. Hilo ndilo shutuma langu kubwa kwa utanzu huu, na mwenzangu alikunywa chai yake bila kunijibu.

Kwa hiyo Desemba iliyopita, familia ilipokutana Mkongani, nilijaribu kitu. Wajukuu na watoto wa ndugu zangu walikuwa wengi, wa Mombasa, wa Nairobi, mmoja wa Doha. Niliwaambia tutafanya chemsha bongo, wakashangilia, wakadhani ni ile. Nikamkabidhi kiti shangazi yangu, ambaye ana miaka themanini na ushei, nikamwamkia, nikamwambia yeye ndiye wa kuuliza.

Hakuuliza 'unakumbuka'. Aliwainulia nazi mbili, akauliza: 'Hii na hii, ipi niivunje kwa mbaazi, ipi niiweke?' Kimya. Kisha akauliza ukiwa na kibaba kimoja cha mbaazi na wageni wanane, nazi ngapi. Kisha akawauliza kwa nini mchunga huchemshwa ukamwagwa maji, na ni nani asiyemwaga. (Yeye hamwagi.) Mtoto wa Likoni alipata moja. Wa Doha, ambaye mamake humpikia, alipata mbili na akatembea kama mshindi mpaka jioni. Maswali yote yalikuwa na kitenzi, na yote yalikuwa na mtu ndani.

Ukazuka ubishi juu ya kasimile. Binamu yangu mmoja alisema ni tui lolote la kwanza. Shangazi akakataa. 'La, mwanangu. Ukitia maji tu, hata ya kunawia vidole, hilo si kasimile tena. Hilo ni tui. Kasimile yatoka kwa mkono mkavu.' Mimi nilikuwa nimeandika katika daftari langu maana pana zaidi, ya kamusi, nikaongeza na yake pembeni, na jina la mahali.

Mjukuu wangu wa kike, wa darasa la sita, alikuwa akisikiliza kimya. Akasema: 'Babu, sisi Nairobi mama hununua tui la pakiti. Hilo ni la kwanza au la pili?' Shangazi alimtazama, akanitazama mimi. Pakiti moja ilikuwamo kwenye mizigo yao, wameibeba kutoka Nairobi hadi Mkongani katikati ya minazi. Ikaletwa. Nikavaa miwani, nikaisoma mbele na nyuma. Iliandikwa uzito, tarehe ya mwisho ya kutumiwa na jina la kampuni kwa herufi kubwa.